Mtunzi Aliyefukiwa Nyuma ya Kambi

Mtu akifa Butembo, nyumba yake haifungi mlango. Watu wanaingia, wanakaa chini, wanatoka, wengine wanaingia, mpaka siku maiti inapotoka kwenda makaburini. Hapo mkeka wa kilio unakunjwa na mjane analala tena kitandani. Lakini nyumbani kwa Syauswa, kule mtaa wa Mususa, mkeka haukukunjwa. Ulitandikwa wakati wa kupanda maharagwe, maharagwe yakavunwa, yakapandwa mengine, na mama Antoinette bado alikuwa analala juu yake. Maiti haikuwa imetoka kwa sababu haikuwa imeingia. Wanajeshi walikuwa nayo Beni.

Florentine, binti yake mkubwa, alikuwa anaruka miguu ya mama yake kila asubuhi kwenda kwenye mashini ya kushona. Ilikuwa mashini ya baba. Wateja walikuja na vitambaa vyao, wakasalimu, wakamwona mjane chini, wakashusha sauti. Nyumba gani hiyo ya kushusha sauti mwaka mzima? Na ilikuwa ndiyo nyumba iliyochekesha Butembo yote.

Syauswa alizaliwa Kipese, huko juu kwenye baridi, kwa watu wa viazi na kabichi. Mapadri wakamsomesha, akawa mwalimu wa Kifaransa, akafundisha mpaka serikali ikasahau kwamba mwalimu anakula. Akanunua mashini, akawa anafundisha asubuhi na kushona mchana. Alikuwa mfupi, mpole, mwenye sauti ndogo, na hakuna mtu aliyewahi kumwona akicheka. Alitunga michezo. Mmoja ulikuwa wa waziri aliyepewa daraja la kulinda. Mto ukabeba daraja, waziri akabaki na kazi yake, na kila mwaka akaja na tarumbeta kulifungua upya, akikata utepe juu ya maji. Mwingine ulikuwa wa mkubwa wa jeshi aliyemwacha mbwa wake kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, alipokwenda kulala, na wasafiri wakazoea kumsalimia mbwa, kumuuliza habari za nyumbani, kumwachia kuku. Mkubwa aliporudi, wakamwambia asubiri nyuma ya wengine, mkuu yupo kazini.

Ule uliopendwa kuliko yote uliitwa Ushuru wa Kivuli. Mama wa soko amekaa chini ya mkaratusi na kitunguu chake. Mtu wa chifu anakuja kumdai ushuru wa kivuli, maana mti ni wa chifu. Mama anasema, basi chukueni kivuli chenu, anahamia juani. Sasa anadaiwa ushuru wa kivuli chake mwenyewe, kwa kuwa kimelala juu ya ardhi ya chifu. Chifu anakuja kuamua. Ndipo yule mama anamtazama, mnene, amesimama juani, na kivuli chake kimefika mpaka kwenye miguu ya watazamaji. Anamuuliza, na cha kwako, Mkubwa, nani atakilipa? Mchezo unaishia hapo: chifu anazunguka jukwaa zima akijaribu kusimama mahali ambapo kivuli hakimfuati.

Michezo hiyo haikuandikwa. Karatasi ilikuwa inaua watu kwenye barabara. Askari wa bariere alisoma kila alichokuta mfukoni, na asipojua kusoma alikasirika zaidi. Kwa hiyo Syauswa aliwafundisha wachezaji wake ndani ya chumba cha kushonea, mashini ikilia ili nje wasisikie. Kila mmoja alishika maneno yake kichwani na hakuna aliyeshika ya mwenzake. Florentine alianza kucheza mama wa kitunguu akiwa bado anasoma sekondari. Baba alikuwa chifu. Alipoulizwa kwa nini hawatukani wakubwa waziwazi kama wengine, alisema mkubwa haogopi matusi, matusi anayajua tangu utoto wake. Anachoogopa ni kicheko cha mama wa soko, kwa sababu hajui kitaishia wapi.

Kilipoishia, walijua wote. Ilikuwa wakati ule waasi waliojiita Mouvement walipokuwa wanatawala kutoka Beni, wana mawaziri wao, muhuri wao, redio yao, na bariere kila penye kona. Waliuangalia Ushuru wa Kivuli katika sale ya paroisse, ukumbi wa parokia, wakarudi nyumbani, na kesho yake wakamchukua Syauswa mbele ya mashini na futi ya kupimia ikiwa shingoni mwake. Walimpeleka Beni, wakamtia ndani ya shimo lililochimbwa kambini na kufunikwa kwa mabati, ambamo mvua ikinyesha watu wanasimama katika maji. Mwalimu wa miaka hamsini na kitu. Dereva mmoja ndiye aliyeleta habari kwamba amekufa na amefukiwa nyuma ya kambi. Mouvement haikusema kitu. Familia ilipopeleka watu kuomba mwili, waliulizwa mwili gani.

Basi ndivyo nyumba ilivyokuwa siku Inspecteur Valère alipopiga hodi.

Alikuwa mkaguzi wa shule, ametoka jimbo la mbali, amekwama Beni tangu vita vianze na mshahara wake umekwama Kinshasa. Alikuwa na adabu. Alivua kofia mbele ya mama Antoinette, akakaa, akaeleza shida yake kwa Florentine. Mouvement itafanya sikukuu kubwa Beni. Komanda mwenyewe, mkuu wa Mouvement, atakuwepo. Wanataka mchezo wa kwao, wa hapa, na hakuna mtunzi anayemfikia Syauswa. Wachezaji wengine wamekimbia. Amebaki Florentine tu.

"Mademoiselle, papa yako sasa iko classique," alisema. "Batoto batamusoma mu masomo."

Florentine alikuwa na sindano midomoni. Akazitoa moja moja.

"Classique, Bwana Inspecteur, ni mutu wa namna gani?"

"Ni mwenye anakufa, mais anabaki."

"Donc anabaki nyuma ya camp."

Valère aliangalia kofia yake. Kisha akasema lile alilotumwa kusema: Komanda anaweza kutoa ruhusa ya mwili. Baada ya sikukuu, kama mambo yatakwenda vizuri. Na kuna jambo dogo la mwisho wa mchezo. Yeye mwenyewe amelitengeneza kidogo. Mama wa kitunguu, akishadaiwa kivuli chake, anapiga magoti. Akipiga magoti kivuli kinakuwa kifupi, unaona? Chifu anamhurumia, anamweleza kwamba ushuru ni wa kujengea shule na daraja, na yeye anaelewa, anashukuru. Jina la mchezo pia limebadilika kidogo. Utaitwa Mwanamke Asiyeelewa Maendeleo.

Florentine alichomeka sindano zote kitambaani. Wamemuua baba yake, hiyo aliishaijua, alilala nayo na kuamka nayo. Lakini hii ilikuwa nyingine. Sasa walitaka mdomo wa baba pia. Walitaka kucheka wao wenyewe, kumcheka yule mama wa kitunguu ambaye Syauswa alimtoa katika soko la Butembo, kwa wanawake waliomuuzia kabichi na kumwambia shida zao, na walitaka baba yake aonekane ndiye aliyewacheka wanawake hao. Akamwomba inspecteur atoke.

Mama Antoinette ndiye aliyemzuia. Hakuinuka kwenye mkeka. Aliomba tu apewe muda wa kusema na mwanawe, na Valère akaenda kusubiri uani.

"Kubali, mwana wangu."

"Mama, unasikia yenye banataka?"

"Nasikia. Banataka upige magoti. Magoti ni ngozi tu, Florentine. Miye napigaka magoti kila siku mbele ya Mungu, na Ye mwenyewe hajanijibu." Akanyoosha miguu yake iliyovimba. "Michezo iko ya papa yako. Sawa. Mais bwana ni wangu. Nataka nimuzike kisha nilale."

Florentine akaenda mlangoni. Aliita inspecteur, akamwambia atakuja.

Walisafiri wote wawili, mama na mwana, juu ya kamio, lori la makaa. Mama alibeba kikwembe kipya cha kufungia maiti. Kutoka Butembo mpaka Beni walishuka kwenye kila bariere, wakapita kwa miguu chini ya kamba, wakapanda tena. Beni walipokelewa na Mariette, mke wa binamu, muuza ndizi, mwanamke wa maneno mengi na meno machache. Alipojua kilichowaleta, aliweka beseni lake chini, akakaa kando ya mama Antoinette. Mtoto wake wa kiume, fundi baiskeli, naye alichukuliwa na askari, njiani akitoka soko. Mariette hakuwa na mtu wa kumwombea ruhusa. Mwanawe hakutunga kitu.

Mazoezi yalifanyika katika sale moja ya shule. Chifu alichezwa na Aristote, kijana wa redio ya Mouvement, mwenye sauti nzito na viatu vinavyong'aa. Hakuwa mbaya. Alimpa Florentine kiti, alimwita yaya, yaani dada mkubwa, na alisema maneno ya chifu kama mtu anayesoma matangazo ya vifo. Hakumchekesha hata mtu mmoja. Florentine alipiga magoti kila mara walipofika pale, akasema asante Mouvement, na kila mara Valère alimwomba aseme kwa furaha zaidi.

"Papa alikuwa ananifundisha hivi," alisema mara moja. "Mama wa kitunguu hapana kufurahi. Eko na kazi."

"Ile ilikuwa zamani," Valère akajibu, lakini hakumtazama.

Siku ya sikukuu sale ilijaa mpaka madirishani. Mbele kabisa waliweka fotey, viti vya mikono vilivyoazimwa kwenye nyumba za wafanyabiashara, na humo wakakaa wakubwa, Komanda katikati, amevaa kiraia, shati jeupe, uso wa baba wa arusi. Nyuma walisimama watu. Mama wa soko wa Beni waliambiwa waje, kwa hiyo walikuja, Mariette miongoni mwao, na mama Antoinette amekalia sakafu kando ya mlango.

Mchezo ulianza. Mkaratusi ulikuwa mti wa kweli uliotiwa ndani ya pipa. Florentine alikaa chini yake na kitunguu chake. Mtu wa chifu alipomdai ushuru wa kivuli, nyuma wakaanza kucheka, maana maneno yale yalikuwa ya Syauswa bado, hayakuguswa. Alipohamia juani wakacheka zaidi. Hata kwenye fotey walicheka. Komanda alijipiga paja. Florentine aliona mkono ule ukipiga paja lile, akaona pete kidoleni, na akafikiri juu ya mabati na mvua.

Aristote akaingia, chifu, akanyoosha mkono kama walivyofundishwa. Sasa ilikuwa zamu ya magoti.

Alimtafuta mama yake kwa macho. Mama alikuwa anamtazama, ameshika kikwembe kipya juu ya mapaja. Magoti ni ngozi tu. Florentine alitaka kuyakunja. Kweli alitaka. Lakini nyuma, wale wanawake walikuwa wamesogea mbele kwa shingo, wakimngojea mwenzao ashinde, na yeye hakuweza kuwaangusha chini mbele ya wale watu wa fotey. Alibaki amesimama. Aristote alinong'ona, yaya, magoti.

"Na ya kwako, Mukubwa?" akasema Florentine. "Kivuli yako wewe, nani atailipa?"

Nyuma kulipasuka. Mariette alicheka mpaka akashika ukuta. Aristote, maskini, hakuwa na maneno ya kujibu kwa sababu hakuna aliyempa. Akatazama sakafuni, akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, na watu wakazidi, wakidhani anacheza. Kwenye fotey hakuna aliyecheka sasa.

Florentine alingoja. Alipoona anaweza kusikika, alisogea mbele ya jukwaa na kusema kwa sauti ndogo, bila kuipandisha.

"Mwenye alifanya huu mchezo anaitwa Syauswa. Mulimutia mu shimo, akafia mule. Eko nyuma ya camp yenu. Mama yangu analala chini tangu ile siku. Mutupatie mutu wetu."

Valère alifunga macho. Askari wawili walikuwa wameishafika kwenye ngazi ya jukwaa, wakimtazama Komanda wajue wafanye nini.

Komanda aliinuka polepole. Akageuka, si kwa Florentine, bali kwa watu, akafungua mikono yake.

"Mwana anaomba papa yake," akasema. "Mutu gani anaweza kukatala? Kesho asubui bamupatie."

Na watu wakapiga makofi. Ndiyo, walipiga. Kwanza wale wa fotey, kisha madirishani, kisha karibu wote, wengine kwa woga na wengine kwa moyo safi, wakisema kumbe ana huruma. Aliyemuua mtu alipigiwa makofi kwa kuahidi kurudisha maiti yake, akainamisha kichwa kidogo kupokea makofi hayo, akakaa. Florentine alisimama pale juu na kitunguu mkononi. Hajawahi kuchukia sauti ya makofi kama siku ile.

Lakini mama Antoinette alikuwa analia kwa furaha, na hilo nalo lilikuwa kweli. Jioni hiyo seremala, jirani wa Mariette, alitoa sanduku bila kutaka bei. Asubuhi wakalibeba mpaka kambini: Florentine, mama yake, Mariette, seremala na vijana wawili wa kuchimba, na wanawake wa soko wakawafuata kwa mbali. Valère aliwakuta getini. Karatasi ilikuwa mkononi mwake, ina sahihi na muhuri, na alionekana kama mtu ambaye hakulala.

Sajini mmoja aliisoma, akawazungusha nyuma ya majiko na vyoo. Huko kulikuwa na shamba la maharagwe, safi, limepaliliwa vizuri. Askari wanalima kama watu wengine.

"Ni hapa," alisema sajini.

"Hapa wapi?" Florentine akauliza.

Sajini alipitisha mkono wake juu ya shamba, kutoka uzio huu mpaka uzio ule.

"Hapa yote."

Mama Antoinette hakuelewa. Aliuliza msalaba uko wapi, au jiwe, au mti. Sajini alisema hakuna. Aliuliza nani alimzika mume wake, aitwe. Sajini alisema wale wa wakati ule walipelekwa mbele vitani, hawapo. Hakuwa akimdhihaki. Alikuwa mtu wa mbali, mchovu, na alitaka kusaidia.

"Muchimbe tu, mama. Pahali munapenda. Mukipata mutu, mubebe."

"Mutu yeyote?"

Sajini aliiangalia karatasi tena, kuhakikisha.

"Ordre inasema mutu moja."

Vijana walikuwa wameshika majembe yao. Hakuna aliyeyainua. Florentine alimgeukia Valère.

"Ulijua?"

"Hapana." Akaichukua karatasi kwa sajini. "Sikuuliza."

Florentine angeweza kumtukana. Maneno yalikuwepo, mengi, ya Kifaransa cha baba yake na ya Kinande cha Kipese. Lakini aliona wazi kile alichokaribia kukinunua: angepiga magoti jana, angesema asante, na wangempa karatasi ileile, yenye muhuri uleule, ya mahali hapa hapa. Walikuwa wamemuuzia kitu ambacho wao wenyewe hawakujua kilipo. Na hata kusema uongo hawakujisumbua; walisahau tu. Mtu aliyechekesha mji mzima, wamempandia maharagwe na kusahau alipo.

Mama Antoinette alikaa chini, pembeni mwa tuta la kwanza. Alikitandika kile kikwembe kipya juu ya udongo, akakinyoosha pembe zote, kama anavyotandika mtu kitanda. Kisha akamtazama mwanawe.

"Sema, Florentine. Hapana kuchimba. Batu ba bengine nabo bamelala. Weye sema tu."

Kwao, kabla mtu hajafunikwa, mmoja wa nyumba yake anasimama na kueleza maisha yake na namna kifo kilivyomfikia, na wanaosikia ndio mashahidi. Florentine alisimama kati ya maharagwe. Akasema baba yake ni Syauswa, wa Kipese, mwana wa watu wa viazi. Akasema alifundisha bila mshahara. Akaitaja michezo yake: waziri wa daraja, mbwa wa bariere, mama wa kitunguu, na mingine ambayo mjini walikuwa wameanza kuisahau. Akasema mwisho wa mama wa kitunguu ni upi, ili asijitokeze mtu kuleta mwingine. Alipofika kwenye shimo, alieleza la mabati, na maji, na aliyetoa amri ya kumweka humo, kwa jina na cheo. Sajini alisema imetosha, wamalize. Hakuna aliyegeuka. Seremala alikuwa amevua kofia, na Valère pia, akiwa amesimama mbali kidogo, karatasi imekunjwa ndani ya ngumi yake.

Alipomaliza, Mariette alimshika mkono wa gauni.

"Na wangu? Naye kama eko humu? Utamusema?"

"Jina yake?" Florentine akauliza.

"Kitsa. Alikuwa anatengeneza vélo."

Florentine akageukia tena shamba. Kutoka kwenye uzio, wanawake waliokuwa wamefuata sanduku barabarani walikuwa wameishaanza kusogea, mmoja akiwa amebeba mtoto mgongoni, mwingine na beseni la ndizi bado kichwani, na aliyekuwa mbele alikuwa anasema jina la mtu wake kabla hajafika.